Pijo Fupi Haiuziki Marekani

Lizaboni, Songea
8 Desemba 2024

Kwa mtani wangu Anjelika, mvuta mablanketi,

Hujambo? Mimi sijambo. Theluji ya huko ikufunike mpaka masikioni.

Jumapili ulipopiga simu nilikuwepo. Baba aliniita mara tatu, nikajifanya nafua. Unanijua, simu ikisogezwa mdomoni kwangu maneno yote yanakimbilia tumboni. Kwa hiyo nitakuandikia, nawe unijibu kwa mkono wako kupitia sanduku la parokia. Barua inachukua wiki tatu hivi. Si kitu, mimi sina ninakokwenda.

Nimemaliza kidato cha nne. Siku ya mtihani wa mwisho wenzangu waliandikiana majina kwenye mashati na kupiga picha. Mimi nilivua viatu vya shule nikaenda moja kwa moja Bombambili, gereji kwa baba. Sasa nipo hapo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi.

Ile picha uliyotuma, umeegemea gari jekundu, baba ameibandika ukutani juu ya chaja ya betri. Kila mteja anaambiwa, "Huyo binti yangu, yuko Marekani." Binti yake! Wewe ni mtoto wa dada yake. Binti yake yuko chini ya gari la mteja huyohuyo, inaonekana miguu tu. Miaka tisa umelala kitandani kwangu wakati mama yako yuko huko anakutafutia makaratasi, ukavuta blanketi langu, na sasa umechukua na ukuta.

Pijo fupi bado ipo. Ile nyekundu ya milango miwili aliyoiacha yule daktari Mfaransa, uliyokuwa unakaa ndani yake kupaka kucha rangi huku mimi nimelala chini ya injini. Doa la zambarau ulilomwaga kwenye kiti cha abiria lipo vilevile. Nyaya zilizoliwa na panya nimezibadilisha zote. Kilichobaki ni kile kifaa cha kupima hewa inayoingia kwenye injini, kilichovunjika zamani, na hapa hakipatikani. Baba anataka tung'oe mfumo wote tuweke kabureta, ambayo haihitaji kifaa hicho. Nimekataa. Nataka iwake kama walivyoitengeneza huko kwao.

Lakini sina muda mrefu. Mwisho wa Juni tunahama uwanja, mwenye kiwanja anajenga. Baba amesema mbele ya mafundi wote: "Ikitoka humu kwa miguu yake, ni ya Domina. Ikishindwa, inakatwa, iende chuma chakavu." Walicheka. Mimi sikucheka. Sijawahi kuwa na kitu ambacho ni changu peke yangu, na hiyo ndiyo ninayoitaka.

Basi. Uteleze kwenye barafu, usiinuke haraka.

Mtani wako,
Domina

Columbus, Ohio
2 Januari 2025

Kwa Domina, panya wa gereji,

Hujambo wewe unayenuka grisi? Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Kumbe bado una mdomo! Kwenye simu bubu, kwenye karatasi kasuku.

Huku ni raha tupu. Nina marafiki mpaka nachoka. Lile gari jekundu la pichani naendesha nikitaka. Magari ya huku ni makubwa kama nyumba ya katekista, na ndani yuko mtu mmoja na mbwa wake.

Sasa sikia. Chuoni kwetu kuna shindano la insha. Swali lenyewe ni hili: je, vigari vikali vya Ulaya, vile vifupi vyenye mlango wa nyuma na injini ya kukimbia, vinaweza kuuzika hapa Marekani? Vingi haviletwi kabisa huku. Wanasema Mmarekani havitaki, wengine wanasema hajawahi kuulizwa. Nikasoma swali nikasema mbona hii ndiyo Pijo fupi yetu!

Atakayeshinda atafanya kazi majira yote ya joto kwenye karakana ya magari ya mashindano. Tulipelekwa kuiona. Domina, sakafu ni nyeupe, ungeweza kusongea ugali juu yake. Vifaa vimepangwa ukutani kila kimoja na kivuli chake kilichochorwa, ukitoa spana kivuli kinakuambia imetoka. Nilikukumbuka.

Mimi najua kucha tu. Nipe maneno mawili matatu, mtani. Ukininyima nitamwambia mjomba ni nani alimwaga mafuta ya breki kwenye suti yake ya Pasaka.

Anjelika wa Ulaya na Marekani

Lizaboni, Songea
29 Januari 2025

Kwa Anjelika, mwizi wa mchana,

Matokeo yametoka. Nimepata daraja la tatu, fizikia nina C. Baba alininunulia soda akasema, "Sasa tumpigie Anjelika tumwambie." Hata soda yangu umeinywa.

Nimesoma habari za sakafu nyeupe na vivuli vya spana. Nimezisoma mara nne, kisha nikaenda kukaa ndani ya Pijo nikafunga vioo. Kwa nini wewe? Wewe usiyejua plagi na pua? Naona wivu kiasi kwamba natamani oili chafu yote ya Bombambili imwagike kwenye sakafu hiyo, na wewe uipige deki kwa ulimi.

Lakini swali lako lina utamu, na nikinyamaza nitapasuka.

Nimekaa gereji nikisikiliza watu wanavyochagua magari, kwa kuwa mimi siongei, nasikia. Mtu hanunui gari la siku zake zote. Hununua gari la siku moja ya mwaka. Mwalimu Pankrasi hapa Lizaboni anakwenda shuleni na kurudi peke yake, lakini ana Noah ya viti nane. Baba alimuuliza kwa nini. Akasema, "Ukitokea msiba Madaba, ukoo nitaubeba kwenye nini? Kwenye begi?" Msiba wenyewe haujatokea tangu mwaka juzi. Swalehe wa Namtumbo analisha pikapu mwaka mzima kwa ajili ya wiki chache za tumbaku. Nadhani hao Wamarekani wako nao wana siku yao moja, ya kuhamisha kochi au kuvuta boti, ndiyo maana wanatembea na nyumba ya katekista kila siku.

Kigari kikali hakina siku moja. Kina siku nyingine zote. Kina kila kona, kila mlima, kila asubuhi ya kwenda kununua mkate. Kwa hiyo anayetaka kukiuza huko asianze na mbio, maana hata hayo makubwa yanakimbia. Awauzie zile siku mia tatu sitini na nne. Afungue mlango wa nyuma, alaze kiti, waone magunia mawili ya mahindi yanavyoingia. Tena aweke vipuri karibu. Mtu haogopi gari geni, anaogopa kulisubiria.

Halafu kuna aibu. Hapa mwanamume mzima akishuka kwenye kigari kifupi wanamwambia amevaa kaptura. Sidhani kama Marekani hakuna kaptura.

Jibu langu: vitauzika kwa wale wanaopenda kuendesha kuliko kuonekana. Hao wapo kila mahali, ila hawajai meli. Kampuni ikiridhika nao, ipeleke. Ikitaka kila nyumba, ibaki kwao.

Mimi najua ninachosema kwa sababu naiendesha. Ndiyo, Pijo imewaka! Wiki ya pili ya Januari. Nimekwenda nayo hadi Madaba na kurudi. Kwenye kona inakaa kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Watoto wananipungia mkono. Nikipita Bombambili mafundi wote wanasimama.

Endelea na marafiki zako mpaka uchoke.

Domina, dereva

Columbus
22 Februari 2025

Domina dereva!

Mtani wangu, mtani wangu, kaa chini kwanza.

Nimeingia tano bora. Niliandika yote uliyosema, siku moja ya mwaka, Noah ya mwalimu Pankrasi, kaptura na kupe. Niliposoma mbele ya darasa watu walicheka kisha wakanyamaza, na ule unyamavu ulikuwa mtamu kuliko kicheko. Mwalimu wangu, Bwana Pruitt, alisema hajawahi kusikia jambo hilo likielezwa hivyo.

Sikutaja jina lako. Usinune. Wewe mwenyewe unajua mtani haibi, mtani huchukua. Ukinikuta na kuku wangu ukamchinja, nitakwenda kukushtaki wapi? Nimechukua kuku wako. Nikirudi uchukue wangu.

Na nimesema Pijo ni yangu. Ilikuja tu mdomoni. Nimesema mimi ndiye ninayekwenda nayo Madaba.

Sasa ngoja. Bwana Pruitt anakusanya magari ya Ulaya ya zamani. Anasema gari kama hili halikuuzwa huku hata siku moja, ila sheria yao inaruhusu kuliingiza likishapita miaka ishirini na mitano. Analitaka. Anataka kwanza video ya injini ikinguruma. Si una rafiki mwenye simu nzuri? Nitumie basi, mama asijue bado, nataka kumshtukiza.

Fikiria, Pijo fupi kuja Marekani! Ingekuja kuniona.

Anjelika, tano bora

Lizaboni
19 Machi 2025

Anjelika,

Nilikuwa na furaha ya dakika moja. Niliposoma kwamba walinyamaza, nilihisi wamenisikia mimi, mimi ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Kisha nikafika kwenye maneno "sikutaja jina lako."

Umelala kitandani kwangu. Umemchukua baba ukutani. Umechukua maneno yangu, ambayo ni machache na huwa siyatoi hovyo. Sasa unataka Pijo. Huna kwako? Mbona kila nilichonacho wewe ndiye unayejua kukiita chako kwa sauti?

Nakuchukia. Ukisoma hapa usicheke.

Na jambo jingine, linanichoma. Nilidanganya. Pijo haiwaki. Haijawahi kuwaka tangu daktari aondoke. Sijaenda Madaba, sijafika hata kwenye lami. Niliandika vile kwa sababu ya sakafu yako nyeupe, nilitaka na mimi niwe na kitu cha kukuumiza. Mwambie mwalimu wako ukweli mapema, ama atakuja kukucheka mbele ya watu.

Usimwambie baba kuhusu Mzungu. Nakuomba.

Domina

Columbus
10 Aprili 2025

Kwa Domina mnafiki mkubwa,

Nimecheka nikalia! "Nakuchukia. Ukisoma hapa usicheke." Umeniweza. Utani wako wa mwaka huu ni mkali kuliko wa miaka yote, ule wa kupiga deki kwa ulimi nilidhani hautapitwa. Na hilo la "haiwaki" ndilo la kumalizia! Umeona Mzungu anaitaka, basi ghafla imekufa, kama mbuzi wa mchumba asiyetakiwa.

Nilimpigia mjomba Jumamosi. Nikamwambia Mzungu anaitaka Pijo. Akasema, "Hilo? Halitembei hilo." Nikamwambia, "Mjomba, na wewe umeanza, mmepanga na Domina." Akasema, "Mpwa wangu, hata kuku wanataga ndani yake." Nikacheka mpaka salio likaisha. Nyumba ile nyote watani wangu, hakuna wa kumwamini! Ila kabla ya kukatika alisema, kama mtu anaitaka na iko hapa hadi mwisho wa Juni, aje aichukue, bora iende kwa mtu kuliko kwa wakata chuma.

Kwa hiyo mambo tayari. Bwana Pruitt ana mtu wake Dar es Salaam. Atakuja Songea na lori wiki ya mwisho ya Juni.

Na mimi nimeshinda, Domina. Nimeshinda! Naanza karakana tarehe mbili Juni.

Usinune, kuku wangu ni wako.

Anjelika

Lizaboni, Songea
3 Mei 2025

Kwa shangazi yangu mpendwa, Bernadina,

Shikamoo shangazi. Natumaini Mungu anakulinda wewe na Anjelika. Sisi nyumbani tu wazima, baba ana kikohozi kidogo, mahindi ni mazuri mwaka huu.

Shangazi, samahani kwa kukuandikia. Sijawahi kukuandikia bila kuambiwa na baba. Nimekaa na kalamu siku tatu.

Mimi na Anjelika ni watani, unajua. Nimemwambia jambo la kweli akalipokea kama utani. Baba naye amemwambia, akamcheka, maana mjomba na mpwa nao wanataniana. Hata nikimwandikia kwa damu atasema nimempata. Nimefikiri ni nani katika ukoo ambaye sijawahi kumtania wala siwezi. Ni wewe. Kwa hiyo ninachokiandika hapa naomba kipokelewe kama kilivyo.

Ile Pijo ya daktari haiwaki. Nilimwandikia Anjelika kwamba inawaka na kwamba naiendesha. Nilidanganya kwa wivu. Yeye akaiandika kwenye insha ya chuoni kama gari lake, pamoja na maneno mengine niliyompa, akashinda. Sasa mwalimu wake anamtuma mtu na lori.

Najua nikisema haya namharibia. Najua pia nimeandika nusu kwa sababu hiyo. Sitaki kukuficha, shangazi. Nusu ni kwa sababu mwalimu yule anatapeliwa na mtu atasafiri kilomita nyingi bure, na nusu ni kwa sababu Anjelika atasimama kwenye sakafu nyeupe ya karakana kwa miguu yangu. Sijui nusu ipi ni kubwa.

Pia siitaki iondoke. Baba alisema ikitoka uwanjani kwa miguu yake ni yangu.

Naomba radhi. Shikamoo tena.

Mtoto wako,
Domina

Columbus, Ohio
25 Mei 2025

Mwanangu Domina,

Marahaba. Pole kwa siku tatu za kalamu. Barua yako niliisoma mara moja kazini, nimesimama, na mara ya pili nyumbani nimekaa.

Nilimwita binti yenu huyu, kwa maana ni binti wa kwenu kuliko wangu, nyinyi ndio mliomlea. Nilimsomea yote. Alianza kucheka. Alipoona naendelea kusoma na mimi sicheki, akaacha. Kesho yake nilikwenda naye mwenyewe kwa mwalimu. Alisema ukweli mbele yangu, kuhusu gari na kuhusu maneno. Ile nafasi ya karakana amepewa aliyemfuata. Insha haikutupwa. Imebaki na majina mawili, la kwako limetangulia. Nimeona kwa macho yangu.

Nikuambie mengine ambayo yeye hatakuambia. Lile gari la pichani ni la jirani, na jirani alimfokea kwa kuliegemea. Marafiki anaowasema sijawaona. Asubuhi anakuja na mimi hospitali, tunakunja mashuka, mchana anapanda basi kwenda chuo. Barua zako anazisoma kwenye basi hilo. Siku moja nilimkuta analia nikamuuliza. Akasema, "Domina ana baba, tena wanafanya kazi pamoja." Baba yake unajua tulivyompoteza.

Sisemi haya ili umwonee huruma. Wewe umesema nusu mbili, nami nakupa nusu ya pili ya upande wake.

Jambo la mwisho. Mwalimu bado analitaka gari hilo. Anasema hata kama haliwaki, maadamu ni la asili, hakuna kilichokatwa wala kubadilishwa. Alilisema hilo mara mbili. Mtu wake atafika kama walivyopanga. Nimempigia baba yako, ameniambia, "Neno langu ni lilelile. Likitoka kwa miguu yake ni la Domina. Likibaki, lori lichukue." Kwa hiyo liko mikononi mwako.

Usali. Na umfunge baba yako kitambaa shingoni, kikohozi kisimzoee.

Shangazi yako,
Bernadina

(imo katika bahasha hiyohiyo)

Habari Domina.

Huu si utani. Mama amesema niandike neno hilo kwanza.

Nimekasirika. Nilikuwa nimeshanunua viatu vya karakana, vyenye chuma mbele. Vipo chini ya kitanda. Ungeniambia.

Najua uliniambia.

Tangu nikiwa na miaka minane nilikaa kwenye kiti kile cha abiria nikipaka kucha, si kwa kuwa napenda kucha. Ni kwa kuwa mjomba alikuwa anakuja kuinama kwenye injini anakuita, "Domina, nipe kumi na tatu," na wewe unampa spana ya namba hiyo kabla hajamaliza. Mimi hakuniita hata siku moja. Nilitaka tu niwe karibu na hapo. Nilipoulizwa huku gari ni la nani, nilisema langu.

Anjelika

Lizaboni, Songea
1 Julai 2025

Kwa mtani wangu Anjelika, mkunja mashuka,

Hujambo? Ndiyo, nimerudi kwenye utani, sijui njia nyingine ya kukupata. Hapa chini ni kweli tupu. Kama huniamini mwulize mama yako, yeye nimemwandikia pia.

Bahasha ilifika tarehe kumi na sita. Nilisoma barua ya mama yako, kisha yako, kisha ya mama yako tena pale aliposema maadamu ni la asili. Nilikaa ndani ya Pijo. Kuku kweli alikuwa ametaga, mjomba wako hakutania.

Nilifikiri hivi. Miaka mitatu nimekataa kabureta kwa sababu nilitaka iwe kama walivyoitengeneza huko. Kila kilichotoka huko nilikiona bora kuliko sisi, pamoja na sakafu, pamoja na wewe. Na kwa kuwa imebaki ya asili ndiyo maana inatakiwa huko. Ningeiacha hivyo, ingeondoka kama ulivyoondoka wewe.

Jumamosi ile nilimwambia baba twende Namtumbo. Alishangaa kwa sababu nilisema kwa sauti. Nyuma ya banda la tumbaku la Swalehe kuna Pijo pikapu ya baba yake, imekufa miaka, mchicha umeota kwenye bodi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba. Nilisema, "Shikamoo mzee Swalehe, naomba kabureta." Akajibu, "Marahaba. Kumbe huyu binti ana sauti! Chukua, ila ikiwaka uje kunipigia honi." Tulifungua kwa mikono, nati zilikuwa zimeshikana kama ndugu wa shamba moja.

Ili kabureta ikae ilibidi kukata bomba la asili la kuingizia hewa na kuchomelea bamba la chuma. Niliposhika msumeno baba aliniwekea mkono juu ya mkono.

"Una hakika? Ukikata hapo hakuna kurudi. Mzungu hataitaka tena."

"Ndiyo maana nakata, baba."

Aliondoa mkono. Alikohoa kidogo, nadhani hakikuwa kikohozi.

Pampu ya mafuta ya Pijo ilikuwa na nguvu mno kwa kabureta, basi tumefunga kidumu cha petroli juu ya paa kwa mpira wa baiskeli, petroli inashuka yenyewe kwenye bomba. Ni aibu. Tutarekebisha. Lori la yule mtu wa Dar lilifika Ijumaa. Akafungua boneti, akaangalia, akapiga picha, akaongea na simu Kiingereza kirefu. Kisha akafunga boneti taratibu kama anavyofunika mtu maiti, akasema, "Dada, umeiua." Baba akamjibu, "Ngoja."

Ilikataa mara saba. Ya nane ikapiga chafya, moshi ukatoka mweusi, halafu ikashika. Anjelika, inanguruma vibaya, kama mzee aliyeamshwa. Baba alipanda kiti cha abiria, magoti yakagusa dashibodi. Niliitoa getini mwenyewe. Kutoka Bombambili hadi uwanja mpya ilizima mara mbili, nikaiwasha mara mbili. Fundi Sixbert alitupigia kelele toka barazani: "Domina, umevaa kaptura!" Nikapiga honi. Honi haifanyi kazi, nikapiga mlango kwa mkono.

Kwa hiyo ile insha yenye majina mawili, ongeza mstari huu kama bado wanasikiliza. Pijo fupi ya Songea haiuziki Marekani. Ina moyo wa pikapu la tumbaku na kidumu kichwani, na mwenyewe hauzi.

Kuhusu viatu vyenye chuma mbele. Nilipofika hapo niliacha kwanza kusoma. Nilitaka uumie, na umeumia, na haikuwa tamu kama nilivyodhani. Bado nina wivu na wewe, nisikudanganye tena. Wewe umekuwa na wivu na mimi miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nakutukana kwa kukaa juu ya kiti. Nilidhani unanicheka.

Usivitupe. Uwanja mpya sakafu ni udongo, lakini udongo nao huangusha spana juu ya vidole. Nimechora vivuli vya spana ukutani kwa mkaa, kama ulivyosema. Cha ile spana ya kumi na tatu nimekiweka chini kidogo, mtu aliyekaa kwenye kiti cha abiria akifungua mlango anaweza kukifikia.

Baba amebandika picha yako kwenye ukuta mpya. Mimi ndiye niliyemshikia misumari. Jana fundi Sixbert alinipiga picha nimesimama kando ya Pijo, baba ameibandika juu ya yako. Juu, Anjelika. Uvute blanketi la huko.

Nimeosha gari lote. Doa la zambarau kwenye kiti cha abiria nimelisugua kwa petroli, halikutoka. Sikusugua sana.

Mtani wako,
Domina